Pesa Zimefika Nairobi, Mvinyo Bado Uko Njiani

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikipigiwa simu na watu wa huku kwetu, wengine wa Migori mjini, wawili wa Rongo, mmoja wa Mbita, na swali lao ni lile lile: wewe ni mtu wa kompyuta, hebu tuambie, lile duka la mvinyo la mtandaoni bado liko hai? Wameagiza, wamelipa, wanangoja. Tovuti inafunguka vizuri kabisa. Picha za chupa zinang'aa, bei zimeshushwa, kuna hata punguzo la sikukuu. Ila mzigo haufiki, na simu ikibahatika kupokelewa ni kuambiwa, "Mteja wetu mpendwa, agizo lako linashughulikiwa."

Duka lenyewe sitalitaja. Ninachotaka kukishambulia leo ni desturi nzima, na desturi hiyo ina wenyewe wengi kuliko duka moja. Ni hii tabia ya kumlipisha mtu wa mbali kwanza na kumhudumia mwisho. Ukiagiza ukiwa Kilimani au South B, mara nyingi unaambiwa utalipa mzigo ukifika mlangoni. Ukiandika Migori au Homa Bay, ghafla maneno yanabadilika: lipa kwanza yote, pamoja na nauli ya mzigo, halafu tutatuma. Wengi wetu tumezoea, tunaona ni kawaida ya kuishi mbali. Mimi nasema huo ni mkopo. Tunawakopesha wafanyabiashara wa Nairobi bila riba, bila dhamana, na bila hata kuulizwa kama tunataka kuwakopesha.

Sasa turudi kwa swali la wale walionipigia simu. Utajuaje kama duka la mtandaoni linakufa?

Duka la kawaida likiugua unaliona kwa macho. Mnakumbuka Nakumatt? Mwaka 2017 ulikuwa ukiingia kwenye tawi lao unakuta rafu nzima imepangwa chupa za maji tu ili kufunika pengo, unga hakuna, maziwa hakuna, wafanyakazi wamesimama na nyuso ndefu. Hakuna aliyehitaji kusoma hesabu za kampuni. Akina mama waliokwenda kununua sukari walijua mapema kabisa, na Januari 2018 ndipo msimamizi akawekwa, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Rafu zilikuwa zimeshasema.

Duka la mtandaoni halina rafu. Lina hifadhidata, na hifadhidata haioni aibu. Picha ya chupa ya mvinyo mwekundu kutoka Stellenbosch itakaa pale kwenye ukurasa hata kama stoo ina buibui peke yao. Kwa hiyo mimi na wewe tuna rafu moja tu ya kuangalia, nayo ni mzigo kufika. Ukichelewa siku moja, sawa, gari limeharibika. Ukichelewa wiki mbili na watu watano wanalia kilio kimoja, unatazama rafu tupu ya Nakumatt, tofauti ni kwamba huioni.

Najua watanijibu nini. Watasema usafirishaji wa mashambani ni mgumu, barabara, umbali, na kadhalika. Wacha niwaulize watu wa Migori: basi la usiku kutoka Nairobi hufika saa ngapi? Alfajiri. Kila siku. Barabara ya A1 kutoka Kisii kupitia Rongo na Awendo hadi Isebania ni lami, na kwenda Homa Bay unakata kona Rongo, lami pia. Ofisi za parseli za mabasi zimebeba mizigo yetu tangu nikiwa mtoto: vipuri vya matatu, vitabu vya shule, keki za harusi, vifaranga wa siku moja kwenye makatoni yenye matundu. Vifaranga! Kifaranga anatoka Nairobi jioni na asubuhi yuko Migori anapiga kelele, halafu mtu ananiambia chupa ya mvinyo, kitu kisichokula wala kunywa, imeshindwa na umbali kwa wiki tatu?

Barabara haina kosa hapa. Mzigo haujachelewa njiani, mzigo haujaondoka. Na haujaondoka kwa sababu, siku ulipolipa, bidhaa haikuwepo.

Hapa ndipo nazungumza kama mtunga programu, nisikilizeni vizuri. Nimeandika mifumo ya maduka kadhaa hapa Migori na Kisii, midogo midogo. Kila bidhaa ina nambari inayosema zimebaki ngapi. Mtu akibonyeza kununua, programu inauliza kwanza: je, nambari hii ni zaidi ya sifuri? Kama si hivyo, inakataa. Ni mstari mmoja wa msimbo. Kuufuta ni kazi ya sekunde tatu, na ukishafutwa duka linaweza kuuza chupa elfu moja za mvinyo usiokuwepo. Si nadharia hii. Niliwahi kuombwa na mfanyabiashara mmoja niondoe kabisa lile neno "Imeisha" na mahali pake niweke "Inashughulikiwa" baada ya mtu kulipa. Nikamuuliza, inashughulikiwa na nani? Akacheka, akasema, "Ndugu yangu, tukipata pesa tutanunua." Nilikataa kazi hiyo, akampata mwingine, bila shaka kwa bei nafuu.

Kwa hiyo ukisoma "inashughulikiwa" kwenye simu yako, jua kwamba neno hilo halina maana yoyote ya kiufundi. Halisemi mzigo uko wapi. Halisemi kama upo. Hali zenye maana ni zile zinazoweza kuthibitishwa na mtu mwingine: imekabidhiwa basi fulani, nambari ya parseli ni hii, ofisi ya kupokea ni hii. Duka lisiloweza kukupa nambari ya parseli halijatuma kitu.

Mimi mwenyewe niliagiza chupa 24 kwa ajili ya harusi ya binamu yangu Homa Bay, shilingi 31,200, ahadi siku tatu. Siku ya nne nilikwenda ofisi ya parseli. Karani akapekua daftari lake, akaniambia kwa upole, "Ndugu, gari lilifika saa kumi na moja. Jina lako halimo." Siku ya saba, jina halimo. Siku ya tisa ilikuwa harusi, na shemeji zangu wakanywa mvinyo wa supamaketi, wala hawakulalamika, Mungu awabariki. Mzigo ulifika siku ya 26, chupa 17. Zile saba, nikaambiwa, nitapewa kuponi ya kununulia kitu kingine duka hilo hilo. Yaani deni langu linalipwa kwa ahadi nyingine ya mdeni yule yule!

Mkumbuke pia kwamba mvinyo si sabuni. Jua la Homa Bay mnalijua. Katoni ikikaa siku kumi chini ya mabati, kizibo kinaanza kusukumwa nje na unachokunywa baadaye kinafaa kachumbari. Ila hayo ni madogo.

Jambo kubwa ni hili la kununua bidhaa za mteja wa jana kwa pesa za mteja wa leo. Watu hudhani ni ubunifu wa wajanja wa River Road. La hasha. Huko Berkeley, California, kulikuwa na duka la mvinyo liitwalo Premier Cru. Mmoja wa wenye duka, John Fox, aliuza mvinyo wa Ulaya kabla haujafika Marekani: lipa leo kwa bei nzuri, ngoja miezi sita, ngoja mwaka, pengine miwili. Watu wenye akili zao na pesa zao walilipa. Wengine walipata, wengine walingoja, na waliopiga kelele sana ndio waliopewa kwanza, kwa pesa za waliokuja baadaye. Duka liliomba kufilisiwa Januari 2016. Mwaka huo huo Fox alikiri makosa, akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Na sikilizeni jambo lililonigusa kama mtu wa mifumo: alikiri kwamba alitengeneza maagizo bandia ya ununuzi na kuyaingiza kwenye orodha ya bidhaa za duka, ili mvinyo ambao hakuwahi kuununua uonekane unauzwa. Mstari ule ule wa msimbo niliowaambia. Yeye hakuufuta, aliudanganya.

Sisemi kila duka linalochelewa ni la wezi. Wengi ni watu waaminifu walioishiwa pesa na wanaoamini mwezi ujao utakuwa mzuri. Kwa mnunuzi wa Rongo tofauti ni ndogo sana. Pesa iliyochukuliwa na mwizi na pesa iliyochukuliwa na mtu mwenye matumaini zote hazipo mfukoni.

Tena msidanganywe na ukubwa. Copia ilianza Kenya mwaka 2013 kwa wazo ambalo mimi bado naliheshimu: mwenye kiosk kijijini awe ajenti, wewe uchague bidhaa kwake, mzigo uletwe hapo hapo kwake, kwa mtu unayemjua na ambaye nyumba yake unaijua. Ndiyo njia bora ya kuwahudumia watu wa mashambani niliyowahi kuiona, kwa sababu mtu wa kulaumiwa yuko hatua hamsini kutoka kwako. Wawekezaji waliwapa zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka ile yote, dola milioni 50 kati ya hizo mwaka 2022 peke yake. Mwaka 2023 wakaondoka Uganda, na Mei 2024 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi. Zumi, lile soko la jumla la mtandaoni, lilifungwa Machi 2023 baada ya kukosa wa kulipa fedha zaidi. Sky.Garden ilikaribia kuzama mwaka 2022, ikaokolewa kwa kununuliwa na Lipa Later, na Machi 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi. Mwokoaji naye maji yamemfika shingoni. Jumia, kubwa kuliko wote hao, ilifunga huduma yake ya chakula hapa Kenya mwishoni mwa 2023, na Tanzania ilishaondoka tangu 2019.

Ikiwa wenye mamilioni ya dola wameshindwa kuifanya hesabu ya kupeleka mizigo midogo mbali, lile duka la mvinyo lenye Till moja na kijana mmoja wa kupokea simu linaifanyaje? Chupa ya shilingi 1,300, faida yake ukitoa ushuru na bei ya mwagizaji ni ngapi? Katoni na karatasi za kuzuia isivunjike, parseli, boda boda wa kutoka stoo hadi stesheni, na ile moja itakayopasuka. Punguzo likiongezeka wakati mizigo inachelewa, usishangilie. Anayeuza chini ya gharama hatafuti wateja, anatafuta pesa taslimu za kufika Ijumaa.

Kisha kuna hili la serikali, ambalo wengi hawajalitia maanani. Julai 2025 ilizinduliwa sera ya taifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, na ndani yake kuna pendekezo la kupiga marufuku kuuza pombe mtandaoni na kuipeleka nyumbani, pamoja na kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21. Mnaweza kuipenda au kuichukia sera hiyo, hilo ni jambo la siku nyingine. Ninachouliza mimi: pendekezo kama hilo likipita huku pesa yako iko Nairobi na chupa haijatoka stoo, nani anabeba hasara? Mwenye duka atasema sheria imemzuia kutuma. Hatasema sheria imemzuia kushika pesa zako.

Sheria zipo za kutusaidia, kwenye karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inataja haki za mlaji. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inampa mnunuzi nafasi ya kuvunja makubaliano kama bidhaa haijafika siku 30 baada ya tarehe iliyoahidiwa. Itumieni! Andikeni barua pepe, tajeni tarehe, semeni wazi kwamba mnavunja na mnataka pesa. Maana duka likishawekwa chini ya msimamizi kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, milango ya kudai inafungwa mpaka msimamizi au mahakama iruhusu, na kwenye foleni ya kulipwa wako mbele yako gharama za msimamizi, mishahara ya wafanyakazi, na benki iliyoshika dhamana. Wewe wa chupa 24 uko mkiani, pamoja na aliyewachapishia vipeperushi. Hakuna atakayefunga safari kutoka Mbita kwenda Nairobi kudai shilingi elfu kumi na tano. Wanajua hivyo. Ndiyo maana nasema mkopo wetu ni mtamu kuliko wa benki: wadai tuko wengi, tumetawanyika, na nauli inatushinda.

Halafu ule uongo wa "kurudisha pesa huchukua siku 14 za kazi". Siku 14 za nini? Tangu 2017 Safaricom wana Daraja, mlango unaowawezesha watunga programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Programu inaweza kupokea pesa, na programu hiyo hiyo inaweza kumtumia mteja pesa kwenye simu yake, kwa sekunde. Nimeiandika mwenyewe, si kazi ya ajabu. Pesa zilizoingia kwa sekunde tano zinahitaji siku 14 kutoka kwa sababu moja tu: hazipo, zimeshatumika.

Dawa yake ni ya zamani. China, Taobao walikutana na tatizo hili hili zaidi ya miaka 20 iliyopita, muuzaji hamwamini mnunuzi na mnunuzi hamwamini muuzaji, na Alipay ikajengwa hivi: mnunuzi analipa, pesa inashikwa na mtu wa katikati, na muuzaji hapewi mpaka mnunuzi athibitishe amepokea. Hebu tuilete huku. Nalipa mvinyo, pesa inakaa kwenye akaunti ambayo duka haliwezi kuigusa. Napata SMS yenye nambari nne. Nafika ofisi ya parseli Migori, nafungua katoni mbele ya karani, nahesabu chupa, nampa zile nambari, anaziingiza kwenye simu yake, pesa zinakwenda Nairobi. Siku kumi zikipita bila mzigo, pesa zinarudi kwangu zenyewe bila mimi kumbembeleza mtu. Muuzaji hana hofu kwamba nitakataa mzigo bure, na mimi sina hofu kwamba ananunulia mafuta ya gari lake.

Muuzaji mwenye bidhaa stoo hapotezi kitu kwa mpango huu, anangoja usiku mmoja tu. Anayepiga kelele kwamba hawezi kungoja hata usiku mmoja, huyo ameshajibu lile swali la kwanza, kama duka lake liko hai.

Kwa wale walionipigia simu: msiongeze agizo jingine "ili wawaunganishie mizigo pamoja", kama mmoja wenu alivyoshauriwa. Msikubali kuponi. Msilipe kwenye nambari ya mtu binafsi eti Till ina matatizo. Ombeni nambari ya parseli, na kama hakuna, vunjeni makubaliano kwa maandishi leo, siyo wiki ijayo.

Wiki jana niliwaandikia wenye duka, kwa heshima kabisa, nikawaeleza mpango huu wa kushika pesa katikati mpaka mzigo upokelewe. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, upesi kuliko chupa zangu: "Asante kwa maoni yako. Kwa sasa mfumo wetu hauruhusu." Mfumo ni msimbo, na mimi msimbo ndio kazi yangu. Nimewajibu kwamba nitawaandikia bure, Jumamosi moja inatosha. Bado nangoja.